Unatetemeka stejini? Mwongozo kamili toka Mbeya kwa msanii anayeishiwa pumzi kabla hata ya kuitwa

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili tuelewane. Sendoff moja hapa Mbeya, ukumbi siutaji, watu wameshakula pilau wanasubiri burudani, MC ananiita kwa mbwembwe zote "mpokeeni dada yetuuu", napanda na gita langu la ridhimu, ubeti wa kwanza safi, kiitikio safi, nafika ubeti wa pili hamna kitu. Wimbo nimetunga mwenyewe chumbani kwangu na maneno yamefutika yote. Nikarudia kiitikio. Nikarudia tena. Mara ya nne di-jei akanionea huruma akaingiza muziki wake, nikashuka huku nacheka meno yote nje, nikapitiliza hadi nyuma kwenye turubai la wapishi nikalia kule. Wiki iliyofuata nikakutana na biharusi, ananishukuru, eti kile kiitikio kinamkaa sana kichwani. Kitaachaje kukaa, si kiliimbwa mara nne!

Miaka imepita, nimepiga baa, harusi, makanisani, Tukuyu, Kyela, Makambako mpaka Iringa, na bado natetemeka. Nakwambia mapema ili usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta pa kuufuta uoga. Nilichojifunza ni kuipanga shoo ili hata mikono ikitetemeka shoo isimame. Ndo hicho ntakuelekeza.

Kwanza ujue mwili unafanya nini

Ubongo ukiona macho mia tatu yanakutazama unachukulia kama umekutana na chui njiani. Unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa na kuacha vidole, ndo maana vidole vinakuwa vya baridi na vigumu kwenye nyuzi, mate yanakauka, pumzi inapanda juu kifuani inakuwa fupi fupi. Ukipumua hivo haraka haraka kwa muda, kabonidayoksaidi inapungua mno mwilini, unaanza kusikia ganzi midomoni na kizunguzungu, unadhani unakufa kumbe pumzi tu. Tumbo nalo linavuruga, choo unaenda mara tatu. Yote hayo ya kawaida kabisa na hayamaanishi hujui kuimba. Wala hujarogwa mdogo wangu, maana huku kwetu msanii akichemsha mara mbili tayari kuna mtu pembeni ananong'ona kwamba fulani kamfanyia kitu. Ni adrenalini.

Na haichagui mdogo wala mkubwa. Barbra Streisand, yule mwimbaji wa Marekani, alisahau maneno ya nyimbo mbele ya umati pale Central Park, New York, mwaka 1967, akakaa karibu miaka 27 bila kufanya matamasha ya kulipwa ya wazi. Vladimir Horowitz, mpiga piano ambaye dunia nzima ilimvulia kofia, aliacha kupanda jukwaani toka 1953 mpaka 1965. We umesahau ubeti mmoja sendoff unataka kuuza gita.

Hatua ya 1: Andika unaogopa nini hasa

Chukua daftari, andika. "Naogopa stejini" haitoshi, hiyo ni sawa na kumwambia daktari naumwa mwili. Kuna anayeogopa kukosea, yani maneno, noti, kuingia vibaya. Huyo dawa yake mazoezi, hatua ya 2. Kuna anayeogopa kutazamwa, tumbo, miguu, nguo, chunusi. Huyo nimwambie kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha kazi yao mwaka 2000, walimvalisha mwanafunzi fulana yenye sura kubwa ya mwanamuziki Barry Manilow, fulana ya kuona haya, wakamwingiza chumba chenye wenzake. Mvaaji alikadiria karibu nusu ya watu wameiona. Walioiona kweli ni kama robo tu. Watu wako bize na sahani zao, amini.

Halafu kuna aina ya tatu ambayo nadhani huku nyanda za juu kusini ndo imetushika wengi, kuogopa watu FULANI. Mimi nimelelewa kwaya, Uyole, sauti ya kwanza toka niko darasa la tano. Siku nilipoanza kuimba na bendi kwenye baa sikuwa nawaogopa walevi hata kidogo, nilikuwa naogopa shangazi yangu. Kila mama mwenye kitenge aliyepita pale nje moyo unaruka, ndo yeye huyo. Nikawa naimba nimegeukia ukuta yani nawapa watu mgongo, mpiga besi wetu, mzee mmoja Mhehe tunamwita Mjomba, akaniuliza "mwanangu, unaimbia spika?"

Hilo halitibiki kwa mazoezi ya pumzi. Nilienda kwa shangazi mwenyewe Jumapili mchana na sukari kilo moja, shikamoo, nikamweleza naimba wapi, siku gani, naondoka saa ngapi na nani ananirudisha. Hakufurahi. Alikaa kimya muda mrefu akasema "uvae vizuri basi." Lakini toka siku hiyo sikuwa na cha kuficha na shingo yangu ikaweza kugeuka mbele. Kama kuna mtu unamkimbia, kamwambie kabla hajakuona, asiporidhika sawa tu, angalau usiimbe huku unachungulia mlango.

Hatua ya 2: Fanya mazoezi yanayofanana na shoo

Hapa ndo wengi tunajidanganya. Unafanya mazoezi umekaa kitandani, ndala miguuni, mlango umefunga, ukikosea unarudia, alafu siku ya shoo umesimama, viatu vya kisigino, taa usoni, maiki, monita (ile spika inayokurudishia sauti yako) inapiga kelele, watu wanaongea, na huruhusiwi kurudia. Umefanyia mazoezi kitu kimoja unaenda kufanya kingine. Utakosaje kutetemeka?

Maneno kwanza. Wimbo tunaukariri kama mnyororo, mstari huu unauvuta ule, ukikatika sehemu moja umeisha. Ujifunze kama konda wa daladala anavyojua vituo toka Uyole mpaka Mbalizi, huyo hata ukimwamsha usingizini pale Mafiati anakwambia kinachofuata. Kata wimbo vipande, ubeti wa pili, daraja, kiitikio cha mwisho, uandike kila kipande kwenye kikaratasi, changanya kwenye kikombe, chomoa kimoja, anzia hapo hapo bila kupitia mwanzo. Ukiweza kuanzia popote, siku ukipotea unadandia mbele. Mi ningefanya hivi kabla ya ile sendoff nisingelia kwenye turubai.

Pili, zoea kuimba moyo ukienda mbio. Huku kwetu vilima vipo bure. Panda kimlima cha mtaani kwenu mbio, ukifika juu usipumzike, imba pale pale ubeti na kiitikio. Itatoka mbaya mwanzoni. Baada ya wiki mbili utajua pa kuiba pumzi, na moyo ukidunda stejini mwili unasema aah hii naijua. Na kama unatoka chini kwa mfano Kyela, kule ni kama mita 500 tu toka usawa wa bahari, ukija kupiga Mbeya mjini kwenye mita kama 1,700 pumzi itakuishia mapema kidogo, sasa usije ukadhani ni uoga ukapaniki juu ya paniki, kata sentensi ndefu uweke pa kupumulia, basi.

Tatu, ngazi za watu. Usiruke toka chumbani mpaka nyomi. Mimi nilipanda hivi: nikajirekodi video ya simu na sheria moja, hamna kurudia, iliyotoka ndo hiyo. Nikaituma kwa watu watatu ninaowaamini (sio status, watu watatu). Afu nikaimbia nyumbani sebuleni nimesimama, nimevaa kabisa nguo za shoo, mdogo wangu ananimulika tochi ya simu machoni. Afu wanakwaya wenzangu baada ya mazoezi. Afu kwa mama ntilie mmoja Mwanjelwa, mchana, watu wanakula wali maharage, nimekaa kwenye stuli napiga bila maiki, wengine hata hawakugeuka, na hapo ndo nilipojifunza kuendelea wakati hakuna anayejali. Ndo nikaja kuingia kuimba nyimbo mbili kwenye shoo ya bendi ya watu. Kila ngazi rudia mpaka ikuchoshe ndo uhame. Ikikuchosha, umeiva.

Kuna na mazoezi ya usumbufu, haya watu wanacheka nikiwaambia. Kwenye harusi watu watakuja kukutunza, mama mmoja anakubandika elfu mbili kwenye paji la uso katikati ya noti ndefu, mwingine anataka umtaje jina na ukoo wote, mtoto anavuta waya. Kama hujazoea unakatika. Kwaiyo nikifanya mazoezi nyumbani namwambia mdogo wangu anisumbue makusudi, anibandike makaratasi, aniulize chumvi iko wapi, na mimi siruhusiwi kusimama. Na andaa wimbo mmoja wa umeme kukatika, ambao unaweza kuuimba kwa makofi tu bila chombo. Ukijua upo, hofu ya mitambo inapungua nusu.

Na wale wa bongo fleva mnaozoea pleibeki, msihamie laivu siku moja. Anza na biti yenye kiitikio cha nyuma tu, mistari ya ubeti uibebe mwenyewe.

Hatua ya 3: Panga nyimbo ukijua utatetemeka

Kosa kubwa, kufungua na wimbo wako mgumu kuliko yote ili "uwaonyeshe". Dakika tano za kwanza ndo adrenalini iko juu kabisa. Fungua na wimbo ambao hata ukiwa na homa unauimba, sauti ya katikati, bila noti za juu, bila solo ya vidole vya haraka. Wa pili uwe wa kopi, yani wa msanii mwingine, ambao ukumbi mzima unaujua, wakiitikia wao we unapata nafasi ya kumeza mate. Wako mgumu weka wa nne au wa tano. Salamu ya ufunguzi nayo iandike, neno kwa neno, usitegemee itakuja. Ukiwa Tukuyu ukimaliza wimbo wa kwanza ukashukuru "ndaga fijo", au Iringa ukafungua na "kamwene", watu wanakujibu kwa sauti na pale pale unajisikia mgeni aliyekaribishwa. Ila jifunze kutamka, usije ukawa kichekesho.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Baridi. Mtu wa Dar hawezi kuelewa hii. Juni na Julai usiku huku nyuzi joto zinashuka chini ya 10, we una vidole vilivyokimbiwa na damu kwa uoga afu baridi inamalizia. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto, shika kikombe kwa mikono miwili mpaka dakika ya mwisho. Maji ya moto nimesema, chai kali ya Rungwe tunaipenda wote lakini vikombe vitatu vinaongeza mapigo ya moyo ambayo tayari yako juu, kunywa baada ya shoo. Gita nalo, nyuzi zikipata baridi zinajikaza, sauti inapanda, ukiingia ndani kwenye joto la watu na taa zinalegea, sauti inashuka. Kwaiyo ingiza gita ukumbini nusu saa kabla na upige chuni tena hapo hapo stejini, usiamini chuni ya nyumbani. Nimeona mtu anadhani anaimba nje ya noti kwa uoga kumbe gita limelegea tu.

Kula, lakini masaa mawili kabla na usijaze, wali kidogo au ndizi. Saundichek usikose hata kama fundi mitambo kakununia, simama pale pale utakaposimama usiku, tembea steji yote, jua ngazi ziko wapi, jua waya uko wapi. Mpe fundi soda, msalimie vizuri, muombe akuwekee sauti yako kwenye monita, maana usipojisikia utapiga kelele na koo litaisha wimbo wa tatu.

Na hela. Nimeshapanda stejini nawaza nitalipwa au ntapigwa danadana, na hiyo presha inaingia kwenye sauti vizuri tu. Omba nusu kabla, kwa simu, na kilichobaki mkubaliane nani anatoa na saa ngapi. Kama unaona aibu kudai, mtume mtu wa bendi mwenye uso mgumu. Sisi tuna Mjomba. Kwa dada zangu pia, usiende peke yako, ujue utabadilisha nguo wapi na utarudi na nani, ukishajua hayo nusu ya mapigo ya moyo yanatulia yenyewe.

Hatua ya 5: Dakika kumi za mwisho

Weka simu mbali. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, tumbo litoke nje mabega yasipande, toa taratibu kwa mdomo kama unapoza uji ukihesabu 6 au 8. Kinachotuliza moyo ni hiyo ya kutoa kuwa ndefu, sio kuvuta kwingi. Fanya dakika tatu mpaka tano. Afu tetemesha midomo brrrrr ukipanda na kushuka sauti, kung'uta mikono, ruka ruka kidogo. Usisome tena maneno yote, soma mstari wa kwanza wa kila ubeti tu.

Na hili ndo lililonisaidia kuliko yote. Watu watakwambia "tulia, tulia". Haiwezekani, moyo unadunda mia na kitu utauambiaje tulia. Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard, 2014, watu walipewa karaoke waimbe mbele ya mtu, wengine kabla waliambiwa waseme nina wasiwasi, wengine waseme nimesisimka, na hao waliosema wamesisimka waliimba vizuri zaidi. Sisi neno lake tunalo tayari, na tamu kuliko la kwao: MZUKA. Mapigo ya moyo ya uoga na ya mzuka ni yale yale. Kwaiyo nikiwa nyuma ya pazia nasema kwa sauti, "nina mzuka, nina mzuka leo". Mara ya kwanza nilijiona chizi. Siku hizi bendi nzima tunasema, hata Mjomba.

Hatua ya 6: Ukishakuwa juu

Panda taratibu. Fika, simama, weka miguu sawa, rekebisha maiki hata kama iko sawa, pumua mara moja, ndo uanze. Hizo sekunde tano kwako ni mwaka ila kwa watu ni kujiamini. Tafuta nyuso tatu rafiki, kushoto, katikati, kulia, uwe unazunguka hizo. Kama macho yanakushinda angalia vipaji vya nyuso, toka steji hawajui tofauti.

Ukikosea, na utakosea, usikunje uso. Hadhira haina karatasi ya maneno yako. Ukisahau ubeti, dandia unaoukumbuka, au imba laa laa kwa melodi ile ile, au geuzia maiki kwa watu, au mwonyeshe mpiga solo kwa kidole aingie, hiyo ishara mkubaliane kabla. Kamwe usiseme "samahani nimesahau" katikati ya wimbo, umewapa habari ambayo hawakuwa nayo. Mlevi akikuzomea usijibizane naye, una maiki ye hana ila yeye hana cha kupoteza, mwachie MC, endelea na wimbo unaofuata haraka bila kuacha ukimya.

Konyagi na vidonge

Najua. Ka-toti kamoja ka kutoa aibu. Kwanza kanakausha koo, pili vidole vinachelewa na wewe hujui kwamba vimechelewa, tatu kwenye baridi kanakudanganya joto huku mwili unazidi kupoa. Ila ubaya mkubwa ni kwamba ukishapiga shoo kumi umelewa, ya kumi na moja hujui kuipiga mzima. Nimeona wenye vipaji wakiishia hivo, sitaki kuongea sana.

Kuna na vidonge vya kushusha mapigo ya moyo, propranolo, wasanii wengine wanapeana. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana, usimeze ya rafiki. Na kama hofu inakufuata hadi nyumbani, hulali, unatapika, unakwepa watu wiki nzima, nenda hospitali ukaongee na daktari bila kuona haya.

Hatua ya 7: Baada ya kushuka

Saa ya kwanza usiangalie video yako. Adrenalini ikishuka unapata huzuni ya ajabu na kila kitu kinaonekana kimebuma. Kula, lala, video angalia kesho yake mchana. Andika mistari mitatu kwenye lile daftari, kilichoenda sawa, kilichokatika, na cha kubadilisha shoo ijayo, kimoja tu. Na kubali shoo nyingine ndani ya wiki mbili hata ndogo, hata kwa mama ntilie, maana ukikaa miezi unairudia ile mbaya peke yako kichwani na kila ukiirudia inakua.

Ule wimbo wa sendoff bado naupiga. Maneno ya kwanza ya ubeti wa pili nimeyabandika kwa selotepu pembeni ya gita, upande wa juu ambako naona mi tu. Mwaka wa tatu huu sijayasoma. Selotepu ikichakaa nabadilisha.